Salamu za Kiseng'enge

Vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini mwa Kenya, vilipoleta kafyu Isiolo, jua likizama kila mtu alikuwa kwake. Halimo, mke wa mwenye lori, na Gakii, mke wa karani Mmeru, walibaki kuongea kupitia seng'enge iliyotenganisha nyua zao. Kisomali cha huyu na Kimeru cha yule havikukutana, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuungaunga, basi wakajitungia lugha yao wenyewe, wakaiita Kiseng'enge.

Lugha hiyo ilikuwa na matabaka, kama mji. Kulikuwa na ya juu, ya mabwana wakubwa: "Lomurande sikavelo," salamu ndefu ya kubana midomo. Na kulikuwa na ya sufuria, ya watu wanaoombana chumvi: "Pu!" tu, basi. Ya juu waliitumia kuwacheka wenye maringo, na siku walizokosana. Gakii akimwamkia kwa Lomurande, Halimo alijua kuna neno.

Kisha mume wa Gakii akapandishwa cheo, wakahamia nyumba za maofisa zenye bustani. Wiki zikapita kimya, na Halimo aliumia. Siku hizo Msomali alitazamwa kwa jicho baya; nani mwenye cheo angetaka kuonekana naye? Lakini kuuliza si ujinga. Akajaza kibuyu maziwa ya ngamia, akaenda.

Akamkuta Gakii barazani na wake wa maofisa, wanakunywa chai. Halimo akaona asimwaibishe rafiki yake kwa lugha ya sufuria. Akajinyoosha, akasema kwa heshima zote, "Lomurande sikavelo, Bibi Mkubwa."

Uso wa Gakii ukamshuka.

"Hiyo ni lugha gani?" mgeni mmoja akauliza. "Kisomali?"

Gakii alisimama, machozi yakimlengalenga. "Halimo, kwani nimekukosea nini? Mimi nangojea wewe kila siku, nasema labda hutaki sisi tena. Sasa unakuja kuniambia hiyo, mbele ya watu?"

Kumbe walikuwa wakingojana, wajinga wawili! Kwa furaha maneno yote yakamkimbia Halimo, ya juu na ya chini, likabaki moja.

"Pu," akasema kwa sauti ndogo.

"Pu!" Gakii akajibu, akasikika hadi langoni. Akampokonya kibuyu, akapiga funda palepale bila kikombe, maziwa yakimchuruzika kidevuni. Wake wa maofisa wakatazamana. Yeye akavuta kiti, akakipangusa kwa kanga yake.

"Kaa," akamwambia Halimo. "Hawa watajifunza."