Dari ya Gereji ya Don Heriberto

Mvua ya Oktoba ilipoanza kupiga mabati, don Heriberto Ocampo alikuwa na desturi ya kuzima injini, kufuta mikono na kungoja. Tangu ujana wake alitengeneza majeep ya wachukuzi wa kahawa katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yake, pale mjini Calarcá, Kolombia, na aliyatibu kwa masikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini sikioni, akafumba macho. Kabla hujamaliza kumweleza gari lina nini, yeye alishakwambia. Lakini chini ya mabati yale matupu, mvua ikinyesha, usingesikia hata ng'ombe akilia pembeni yako, sembuse valvu iliyolegea.

Mwaka huo mvua haikukatika kwa siku nyingi na wateja walikuwa na haraka. Akaacha kungoja. Jeep la mchukuzi mmoja, Aldemar Quiceno, likatoka gerejini likiwa bado linagonga. Kesho yake Aldemar alilirudisha, ulimi mbele.

“Uzee huo, don Heriberto. Masikio yamekwenda likizo.”

“Masikio yangu mazima. Tatizo ni mvua.”

“Mvua inanyesha tangu tuzaliwe, bwana. Mbona zamani ulisikia?”

“Zamani nilisubiri ikatike, na ninyi mlikuwa na adabu ya kusubiri.”

Aldemar alicheka, akaenda mkahawani, akalisimulia jambo hilo. Kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa na habari kwamba fundi Ocampo haisikii tena injini. Kwa mtu wa kazi ile ilikuwa sawa na kutangaziwa kifo. Don Heriberto hakwenda kubishana na mtu. Aliamua gereji yake itapata dari, na dari hiyo itainyamazisha mvua.

Mkewe, doña Ofelia, alifurahi kusikia neno dari.

“Tuweke ya plastiki, nyeupe, kama ya jirani. Inang'aa, inafutika kwa kitambaa.”

“Ofelia, mimi nachomelea vyuma mle ndani.”

“Basi chomelea kwa adabu!”

Mkwe wao Wilmar, aliyeuza vifaa vya ujenzi, aliunga mkono plastiki, kisha akaunga mkono mbao za jasi, kisha plaiwudi. Don Heriberto alimwambia alete kipande cha kila kimoja. Yeye mwenyewe akatengeneza cha nne kwa namna ya babu zake: mwanzi uliopasuliwa ukatandazwa kama mkeka, ukakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na kinyesi cha farasi.

Alivitundika uani kimoja kimoja na kuchomelea chini yake. Plastiki ilitoa malengelenge, ikadondoka matone yenye kunuka. Plaiwudi ilifuka moshi. Jasi ilivumilia moto, lakini ilipolala nje kwenye unyevu, asubuhi ilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye kahawa. Udongo ulizimeza cheche ukabaki vilevile. Kisha akaweka bati juu yake, akamwambia Wilmar apande ngazi na kulimwagia mahindi kwa nguvu zote, naye akakaa chini na saa ya mezani.

“Unasikia nini, baba mkwe?”

“Saa.”

Hakukuwa na mjadala tena. Wilmar alitumwa akanunue mianzi, na majirani wakaalikwa msaragambo, kazi ya pamoja, siku ya Jumamosi.

Walikuja wengi, wengine kusaidia, wengine kumtazama kiziwi anavyojenga. Aldemar alikuwepo pia. Udongo ulikuwa unakanyagwa, sufuria ya kuku na ndizi mbichi iko motoni, Wilmar alipoingia na mzigo wa mianzi iliyonyooka, ya kupendeza macho. Don Heriberto akaushika mmoja na kuugeuza. Kwenye ncha yake sisimizi walikuwa wamejazana kama watoto kwenye peremende.

“Imekatwa lini hii?”

“Juzi.”

“Na juzi mwezi ulikuwaje?”

Wilmar alitazama juu, kana kwamba mwezi ungekuja kumwokoa mchana ule. Mwezi ulikuwa unakua, na kila aliyekuwepo alijua kwamba mwanzi hukatwa mwezi ukiwa unapungua, maji yake matamu yakiwa yamerudi mizizini. Ukikatwa kinyume, dumuzi huusaga ukawa unga.

“Mimi niliangalia urefu tu,” Wilmar alisema.

“Weka tu, don Heriberto,” alisema Aldemar. “Utakaa miaka miwili mitatu. Kwani sisi tutakaa mingapi?”

Watu walicheka. Kuwarudisha majumbani na miguu yenye udongo, wakasimulie kwamba msaragambo wa Ocampo umevunjika, ilikuwa aibu ya kutosha. Don Heriberto aliuweka mwanzi chini.

“Kwangu haupandi darini mwanzi wa dumuzi. Kuleni, kisha mwende. Nitawaita mwezi ukipungua.”

Doña Ofelia aliyekuwa anakoroga sufuria alisimama, upawa mkononi.

“Nani aende? Jiko la zamani lina dari ya mianzi. Mama mkwe wangu aliwapikia humo wavunaji wa kahawa maisha yake yote. Moshi umeipaka mpaka imekuwa nyeusi. Mmeshaona dumuzi humo?”

“Ile ni dari ya jiko lako, Ofelia.”

“Na mimi siku hizi napikia gesi. Ichukueni. Wilmar, Jumatatu uniletee plastiki nyeupe, na mtu asinichomelee kitu jikoni mwangu!”

Waliishusha mikeka ile myeusi ya mianzi na kuivusha uani vichwani, nyuso zikijaa masizi. Kufikia jioni ilikuwa imepigiliwa gerejini na kukandikwa.

Udongo ulikauka, likapasuka wingu. Aldemar aliingiza jeep lake likiwa bado linagonga, utingo wake kando yake, na nyuma yao waliingia wote waliokuwa mkahawani. Mvua ilishuka kwa vishindo. Don Heriberto aliwasha injini, akaweka bisibisi, akafumba macho. Juu yao mvua ilikuwa mbali, kama ya mji mwingine.

“Beringi ya konrodi ya tatu,” alisema. “Na utingo wako anaendesha gari na mguu juu ya klachi.”

Aldemar alimgeukia utingo. Utingo akatazama viatu vyake. Injini ilipofunguliwa, beringi ilipita mkono hadi mkono, imelika, na wa mwisho kuishika alikuwa Aldemar. Aliivua kofia.

“Samahani, maestro.”

Don Heriberto aliipokea samahani ile kwa kuitikia kwa kichwa, wima kama askari wa gwaride. Nje, chini ya upenu wa duka, mchukuzi mwingine alikuwa amejikunyata ndani ya jeep akisubiri mvua ikatike. Fundi alifungua mlango wa gereji wote na kumpungia mkono.

“Ingiza gari, kijana! Hapa kazi haisimami.”