Jumatatu ya Ndani ya Uzio

Kila asubuhi saa mbili kasoro robo, kabla hajamimina chai, Khairiya alifungua skrini nyeusi ya kompyuta kuu ya kiwanda cha sare za shule, kule Kiwalani, akaandika mstari mmoja kuuliza huduma ya saa, ile programu inayolinganisha saa ya kiwanda na ya nje, inaendeleaje. Kompyuta ilimjibu kuwa inafanya kazi, na saa imelingana na ya nje. Mashine ya alama za vidole ya getini ilifuata saa hiyo, na geti lilifuata mashine, halifunguki kabla siku ya kazi haijaisha.

Jumatatu moja, kabla jibu halijatokea, Azzam mwenye kiwanda alisimama nyuma ya kiti chake.

"Zima hiyo kitu, binti yangu. Kila ikifika saa kumi, irudishe saa mbili asubuhi. Shule zinafungua, sare hazijaisha."

Khairiya alitaka kukataa.

"Sawa, ami," akasema.

Aliisimamisha huduma, kisha akaizuia isije ikajiwasha yenyewe. Saa kumi akarudisha saa. Kivuli cha tangi la maji kikahamia upande wa pili wa ua. Chai ikapata moto kwenye chupa. Njaa nayo ilirudi nyuma, ila uchovu ulibaki palepale. Mafundi wakainamia cherehani.

"Hii Jumatatu kama nishawahi kuiona," alisema mmoja.

"Shona wewe. Jumatatu zote sura moja."

Nje ya uzio siku ziliendelea kama kawaida. Usiku ndege zilishuka kuelekea uwanjani zimewasha taa, huku uani jua la asubuhi linawaka. Jumatatu ile ilirudiwa mara mia tatu ndipo Azzam akaruhusu watu watoke.

Mwajabu, mpiga vifungo, alikuwa amemwacha mwanawe Nassibu kwa jirani akiwa anatambaa. Alimkuta anatembea. Jumanne ilirudiwa mara elfu moja na mia tano.

"Ana meno yote sasa," aliwaambia wenzake Jumatano, akitunga uzi. "Na anayemwita mama ni jirani."

"Si afadhali, amekulelea bure?" mmoja akatania. Mwajabu hakucheka.

Ile Jumatano ilipofika mara ya elfu, alikwenda kwenye meza ya Khairiya.

"Sista, hiyo mashine yako inaweza kurudisha na huko nje?"

"Hapana. Humu ndani tu."

"Hata mwezi mmoja?"

"Hata dakika."

Mwajabu akashukuru, akarudi kwenye vifungo vyake.

Khairiya alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akaandika mstari, akaiwasha huduma. Saa ikaruka mbele, ikalingana na ya nje, na geti likafunguka. Azzam alikuja, akasema bila kupandisha sauti:

"Kesho kijana mwingine, Venance, anaanza kwenye kiti chako. Naye anaijua hiyo kazi."

Khairiya akachukua mkoba wake.

Nje ya geti Mwajabu alikuwa amechuchumaa, mikono ameinyoosha. Nassibu alikuwa nyuma ya khanga ya jirani aliyemleta, amevaa sare ya chekechea.

"Msalimie," jirani akamwambia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu Mwajabu, mikono ikiwa palepale.

Khairiya akachuchumaa kando yake.

"Dada Mwajabu," alisema, "mie ndiye niliyekuwa naizima ile saa. Nilitaka kusema sitaki. Nikasema sawa."