Aliyezaliwa na Tusekile

Mtumbwi wa Ezra ulipogusa ufuko wa ziwa huko Mwaya, pale stima ya Mjerumani iliposhushia mizigo, dada yake Tusekile alishuka na jembe begani na mkeka mpya kwapani. Walikuja kumchukua Anyitike, binti pekee wa Tusekile, wakamzike kwao Ikombe. Homa ilikuwa imemwua. Habari ziliwafikia siku hiyohiyo, lakini upepo wa mwera uliwafungia nchi kavu siku tatu nzima, na mwera haujui msiba.

Mkwe wao, Lavji, Mhindi mwenye duka la nguo, aliwapokea mlangoni, kichwa amekinyoa.

"Ndaga, mkwe wangu," Tusekile akamsalimu kwa sauti iliyokauka. "Yuko wapi mtoto?"

Lavji akalitazama lile jembe. Hapo ndipo alipoelewa, maskini, kwamba hakuna aliyewaambia.

"Mama, nilimchoma. Kwetu maiti haingojwi, na kwetu hatuziki."

Ama kweli wenye posa ni watu wa ajabu! Anyitike alipoposwa, walikaa wiki nzima wakijadili ng'ombe, majembe, na kama mtu asiyekula samaki ataweza kuishi na mke wa Kikisi, aliyelelewa kwa samaki. Hakuna aliyeuliza, kwenu mnazikaje? Lakini nani huuliza hilo penye posa?

Tusekile alikaa chini palepale mbele ya duka. Hakulia. Hilo lilimtisha Lavji kuliko kilio, naye akakimbilia yale aliyofundishwa na baba yake.

"Sikiliza, mama. Kwetu tunasema viko viwili. Yuko purusha, yule anayetazama tu. Hazaliwi, haumwi, hafi. Na iko prakriti, yaani hivi vyote vinavyoumbwa na kubomoka, nyama na mifupa. Nilichochoma ni prakriti. Yule mtazamaji, moto haumfiki."

Tusekile alikuwa mfinyanzi tangu utotoni. Habari za kuumbwa na kubomoka humfundishi.

"Na kucheka kwake?"

"Kucheka pia ni prakriti."

"Hasira zake?"

"Nazo."

"Na kunikumbuka mimi?"

Lavji angeweza kudanganya, na Mungu angemsamehe, lakini mtu mwenyewe alikuwa mkweli hadi kero.

"Hata kukumbuka, mama. Hata akili."

"Huyo mtazamaji, nilimzaa mimi?"

"Hakuzaliwa na mtu."

"Basi huyo si wangu. Niliyemzaa, nikamnyonyesha, nikamfundisha kulainisha chungu kwa kokoto, ndiye uliyemtia moto."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku hiyo mume naye aliujua. Aliyaacha maneno ya baba yake. Akakaa mavumbini kando ya mkwewe, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

"Hata mimi simjui huyo mtazamaji," akasema. "Niliyemjua ni yule aliyenicheka kwa kutokula samaki. Huyo ndiye ninayemtaka."

Ndipo Tusekile naye akalia. Walilia mpaka Ezra akaona haya kusimama, akakaa nao.

Mwishowe Tusekile akasema, "Nipe majivu. Nitayazika hayo."

Lavji akajifuta uso, akaonyesha ziwa kwa kidole. Alikuwa ameyamwaga jana yake alfajiri, mbele ya mdomo wa mto, maana kwao majivu hupewa maji. Alidhani anamfanyia mkewe wema. Maji yakimwagika hayazoleki. Majivu yaliyomwagwa ziwani atayazoa nani?

Tusekile hakumlaumu tena. Aliuacha mkeka pale dukani, kwa kuwa hakuwa na wa kumlaza. Ezra akalirudisha jembe mtumbwini, wakasukuma.

Mwera ulikuwa umetulia. Ezra, aliyetaka kufika kabla ya giza, akainua kafi, akayapiga maji kwa nguvu. Dada yake akageuka, akamshika mkono.

"Polepole, Ezra," akasema. "Usimpige."