Unga Shavuni

Kitendawili! Napigwa ngumi, nafunikwa shuka kama mgonjwa, nikiamka nimenenepa. Mimi nani? Usijikune kichwa, msikilizaji wangu: ni donge la unga wa mkate. Na anayelijua donge hilo kuliko wote ni Mama Hamira.

Miaka thelathini na moja amekanda katika kiwanda kilekile. Siku hizi mashine ndiyo inayokanda, yeye anapima: anabonyeza ndewe ya sikio lake, kisha donge. Vikilingana ulaini, donge liende tanurini.

Mchana mmoja alikuwa amejibwaga juu ya gunia, kiuno hakimtaki. Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, alimletea chai. Alilitazama shavu la mama, limejaa unga, kisha akamfinya kidole.

"Mama, unahisi?"

"Hebu ninywe chai kwanza, mwanangu. Leo umewafundisha nini hao watundu wako?"

Binti alishusha pumzi. "Neno lililoandikwa mlangoni pa choo chenu. Lady."

"Aa, la mabibi wenye kucha ndefu."

"Asili yake siyo hiyo. Kwenye Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili, moja mkate, jingine kukanda. Mkandaji wa mkate, mama. Na hilo la kukanda mizizi yake iko mbali zaidi, kwa watu wa kale waliofinyanga udongo."

Mama Hamira alicheka mpaka chai ikamwagikia vidole. "Makubwa! Kumbe choo ni changu, na msimamizi ananihesabia dakika!"

Binti hakucheka. Chai ilikuwa inafuka moshi, na mama hakuuondoa mkono uliomwagikiwa.

"Donge sasa unalipima kwa shavu, si kwa kidole," alisema taratibu. "Daktari alikwambia mshipa uliobanwa ukichelewa kufunguliwa kwa upasuaji, mkono ndio basi tena."

"Nikilazwa, kesho yake mtu mwingine yuko mezani pangu. Halafu mimi niwe nani? Nikae nyumbani nihesabu nzi?"

"Uwe mama yangu. Na swali langu hujalijibu."

Mashine ilinguruma, ikazima. Mama Hamira alijifuta shavu kwa kiwiko, akaitazama mikono yake kama vyombo vya kuazima. Alikuwa amechoka, hata kudanganya kumemchosha. Akaunyoosha mkono uliolowa chai, akauweka mapajani pa binti yake.

"Sihisi, mwanangu. Tangu mvua zilipoanza, sihisi kitu."