Nani Mumbere katika Utatu?

Miaka kumi na tisa nimefundisha Utatu Mtakatifu katika kigango chetu cha Nyakiyumbu, kwa mawe matatu ya jiko. Nayapanga mbele ya altare, naweka chungu juu yake, nawaambia watu: jifya moja haliinjiki chungu. Wazee wanatikisa vichwa, tunakwenda nyumbani kula. Mwaka huu, wiki mbili kabla ya sikukuu yenyewe, Padri Twesigye akatuletea barua kutoka parokiani: Jumapili ya Utatu atafundisha Tabisa. Akifundisha vizuri, yeye ndiye atakayesimama na watoto wa kipaimara mbele ya Askofu mwezi ujao.

Tabisa! Huyo ishara ya msalaba nilimfundisha mimi, wakati alipokuwa akiipiga kwa mkono wa kushoto. Kaenda kozi ya makatekista Kasese miezi sita, karudi na daftari la gamba gumu, basi mimi nimekuwa mzee wa kufunga madirisha. Mke wangu Ednah akaniambia nimshukuru Mungu kwa kunipa msaidizi. Nikamjibu kwamba msaidizi haandikiwi barua na Padri. Wivu nilikuwa nao, sifichi. Ulinikaa kooni kama ugali wa muhogo usio na mchuzi.

Tena mimi ni Kambale. Kwetu Wakonzo jina ni foleni: mtoto wa kiume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Ukitaja jina lako tu, mtu anajua nani nyumbani kwenu alikula paja la kuku na nani aliachiwa shingo. Mumbere wetu alirithi shamba la kahawa karibu na mto. Mimi nikarithi la mawe. Kukaa nafasi ya pili sihitaji kufundishwa na mtu. Mbele ya altare ndipo mahali pekee nilipowahi kuwa wa kwanza, na sasa napo panachukuliwa na mtoto niliyemfuta kamasi.

Jina hilohilo ndilo lililonipa wazo. Mwaka wangu wa kwanza, mzee mmoja alisimama akaniuliza: kati ya hao watatu, nani Mumbere? Nilitoka jasho hadi kwenye soksi. Ilinichukua miezi mitatu ya kumsumbua Padri wa wakati ule mpaka nikapata jibu. Kwenye kozi hawafundishi hilo, maana walimu wao wanatoka mbali, hawajui foleni yetu. Tabisa akiulizwa, atakwama, na Askofu atarudi kwangu.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Bulandina, anayeuza maharage kwenye njia ya kwenda mpakani Mpondwe. Mama huyu haogopi mtu, na akisema jambo wanamsikia mpaka ng'ambo ya mpaka. Nikampa kilo ya sukari. Nikamwomba kesho, watu wakipewa nafasi ya kuuliza, amuulize Tabisa swali la Mumbere. Akacheka, akaifunga sukari kwenye pindo la kitenge.

Kesho yake kanisa lilijaa. Nilikaa benchi la mbele, mikono nimeifunga kifuani. Tabisa akaanza taratibu, hata daftari hakulifungua. Akasema wengi wetu tulifundishwa kwa mawe ya jiko, na mawe ni mfano mzuri kwa chungu. Lakini mawe matatu ni matatu, kila moja kivyake, na Mungu si watatu waliokubaliana kubeba mzigo. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu, na Mungu ni mmoja. Watu wakaitikia kwa furaha. Yaani waliitikia mawe yangu yakitupwa nje!

Basi Bulandina akasimama, akauliza kama tulivyopatana.

Tabisa akafungua daftari, akapindua ukurasa, akapindua mwingine. Shingo yake ikang'aa kwa jasho, nami nikafurahi, Mungu ananiona, nikafurahi kama mtu aliyeona mvua ikilikwepa shamba la jirani yake. Kisha akalifunga daftari.

"Hilo silijui," akasema. "Mwalimu Kambale, tusaidie."

Sikungoja kuombwa mara ya pili. Nilisimama, nikajikohoza, nikawaambia kwamba huko juu hakuna Mumbere wala Kambale. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyefuata. Mwana amezaliwa na Baba, ndiyo, lakini kabla siku hazijakuwepo, kwa hiyo hakuna siku hata moja ambayo Baba alikuwa bila Mwana, wala bila Roho. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Baba anampa Mwana yote aliyo nayo, wala hapungukiwi. Hapo ulimi wangu ukawa mzito kidogo, sijui kwa nini. Lakini watu walikuwa kimya kabisa wakinisikiliza, na utamu wake niliusikia mpaka kwenye magoti.

Bulandina alikuwa bado amesimama.

"Sasa kama kule hakuna mukubwa na mudogo, Mwalimu," akasema kwa sauti yake ileile ya sokoni, "ile sukari uliniletea nimuulize huyu mutoto, ilikuwa ya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Watoto wa kipaimara wakaanza kucheka, Ednah akainamisha kichwa, na mimi nikatafuta uongo wa kusema nikakuta hakuna hata mmoja karibu.

"Ya wivu, mama," nikasema.

Akaridhika, akakaa. Nikaanza kurudi kwenye benchi langu, nikijua kwamba Askofu nimeshamkosa na kigango huenda nacho nimekikosa. Tabisa akanishika mkono wa shati. Macho yake yalikuwa na machozi, nadhani ya hasira, lakini hakuniachia.

"Siku ya Askofu tutasimama wawili," akasema. "Hilo swali peke yangu siliwezi."

Watu wakapiga makofi. Nikamshukuru, tena kwa dhati. Na moyo wangu huu, hata makofi hayajaisha, ukawa unauliza: tukiingia, nani atatangulia?