Baba Mkwe Kala Kofi

Baba mkwe wangu ana miaka sita, ana pengo mbele, na bado anakojoa kitandani. Mzee Qaunaq, baba wa mume wangu, alipochukuliwa na maji nilikuwa na mimba, nikazaa msichana, akapewa jina lake. Kwetu huku kwenye barafu, ukipewa jina la marehemu, wewe ndiye mtu huyo. Basi mwanangu namwita baba mkwe, bibi yake anamwita "mume wangu", na wa kumkaripia hayupo. Nani atamfokea mzee wa watu? Akitaka sukari saa sita usiku, apewe. Akikataa viatu, abebwe. Jamani, nimechoka!

Aprili ile tulikuwa kwenye barafu ya bahari, mimi, mama mkwe na huyo mheshimiwa, tukivizia sili kwenye tundu lake la kupumulia. Mama mkwe akanigusa bega.

"Dubu yule. Ana watoto wawili."

Nikashika darubini. Dubu naye alikuwa ameinamia tundu jingine, hata kutikisika hatikisiki. Mtoto mmoja amejilaza nyuma yake kwa adabu. Wa pili, mtundu kweli kweli, akaenda kurukaruka palepale kwenye tundu. Mama akamzaba kofi moja, mtoto akabingirika, akarudi nyuma akatulia tuli.

"Amenyonyesha shimoni majira yote ya baridi bila kula," mama mkwe akasema. "Hana muda wa upuuzi."

"Bahati yake, hakuzaa baba mkwe."

"Chunga mdomo wako. Dubu anasikia, na mume wangu pia."

Lakini mume wake hakuwepo. Alikuwa ameshafika mbali, kipande cha nyama mkononi, anaelekea kwa dubu.

"Nampelekea yule aliyepigwa!" akapaza sauti.

Na mimi mjinga, nikamwita kwa heshima zote:

"Baba mkwe, tafadhali, rudi."

"Sitaki!"

"Nakuomba, baba."

"Nimesema sitaki!"

Dubu akasimama kwa miguu ya nyuma, akanusa. Ndipo nilipotupa darubini nikatimua mbio. Nilimfikia, nikamdaka kofia, nikamchapa kofi la haja.

"Qaunaq! Unataka kuliwa, mshenzi wewe?"

Nikamtia kwapani, nikarudi mbio. Mama mkwe akafyatua risasi hewani, na dubu akawakusanya wanawe akaenda zake, njaa na yote.

Mtoto analia. Nimempiga mume wa mtu mbele ya macho yake, na juu ya hayo nimemtaja kwa jina!

"Nisamehe, mama."

Mama mkwe alimfuta mtoto kamasi.

"Siku ile maji yalipomchukua, barafu ilikuwa inapasuka," akasema, "na yeye anaenda. Sote tukasimama ukingoni tunambembeleza, 'tafadhali mzee, rudi mzee.' Ningemzaba kofi kama hilo, leo ningekuwa na mume mwenye meno."