Onyesho la Tatu, Mama Anakufa

Ukoo mzima ulimwita Bibi Pazia, kwa sababu hakujua kuingia chumbani kama binadamu wengine. Alisimama kwanza mlangoni mpaka watu wageuze shingo. Hata msibani. Mdogo wake, karani wa bohari ya dawa, aliyavumilia hayo miaka nenda miaka rudi, maana ndugu ni ndugu; lakini kusema kweli alimdharau dada yake kwa moyo mkunjufu, bila hata kujilaumu.

Na alikuwa na sababu. Bibi Pazia aliigiza malkia, makahaba na watakatifu, na wote walilia kwa namna moja: mkono kifuani, kidevu juu. Uzee ulipobisha hodi na nafasi za wasichana zikaenda kwa wasichana, akageuka mwandishi. Kila mchezo aliouandika ulikuwa na mwanamke mmoja mrembo asiyeeleweka, na wajinga wengi wa kumsikiliza. Watu wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alitia ndoo nzima.

Sasa alikuwa ameandika maisha yake mwenyewe, na mdogo mtu akapata habari kwamba katika onyesho la tatu mama yao anafia mikononi mwa Bibi Pazia. Mikononi mwake! Mama alipokuwa kitandani, kumgeuza, kumlisha uji na kumfulia mashuka kulikuwa kazi ya mdogo. Msanii alikuwa ziarani, akituma salamu. Hilo la salamu karani angeweza kulisamehe. Ila kile kifo kilikuwa chake, kitu pekee ambacho dada yake hakuwahi kukigusa, na hakuwa tayari kukiona kikikatiwa tiketi.

Akaenda kwenye mazoezi, katika ukumbi wa viti vya kukunja ulionuka rangi mbichi. Jukwaani, msichana aliyepakwa poda nyeupe nywele zote alikuwa anakata roho, na Bibi Pazia amemkumbatia.

"Mwanangu," msichana akakoroma, "nakuachia dunia."

"Ebo! Mama hakusema upuuzi huo!" Karani alikuwa amekwisha simama. "Na wewe dada hukuwepo!"

Bibi Pazia hakuona haya hata chembe. Alimwachia marehemu akaanguka pu, akachukua kalamu.

"Enhe, mdogo wangu. Alisema nini basi? Mimi namtaka mama wa kweli."

"Humtaki mama. Unataka maneno yake."

"Kwani si mamoja?"

Mtu gani huyu! Kwa hasira, jambo ambalo karani aliapa kufa nalo likamtoka.

"Alikuita wewe. Asubuhi nzima, jina lako tu. Mimi niliyemshika kichwa hakunitaja hata kwa bahati mbaya. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Basi nikaitika mimi, kwa sauti yako. 'Abee, mama.' Akauliza, 'Umekuja?' Nikamwambia nimekuja. Akatulia, akaenda."

Msichana wa poda akaanza kulia, kilio cha kawaida chenye kamasi. Bibi Pazia aliitazama kalamu, akaiweka chini.

"Hebu onyesha," akasema. "Ulivyoitika."

"Sionyeshi."

Basi akajaribu mwenyewe. "Abee, mama." Ikatoka nene, ya kufika viti vya nyuma. Akasafisha koo, akarudia kwa machozi. Ikawa mbaya zaidi. Akakaa kitako sakafuni, akafumba macho, akaitafuta ile sauti iliyokuwa ikimtoka yenyewe utotoni alipoitwa kutoka jikoni. "Abee. Abee, mama."

"Si hivyo," mdogo wake akasema.

Alikuwa bado anamdharau, na sasa alimwonea huruma pia, jambo lililomuudhi zaidi. Akachukua mkoba wake akaenda zake. Mpaka anafika barabarani alikuwa bado anamsikia dada yake mle ndani, akimwitikia mama, akikosea.